Kuikagua Bili ya Maji kwa Rangi za Lahajedwali

Mtumiaji wa huduma ya maji hupokea bili kila mwezi, huitazama jumla iliyo chini, huguna au hushukuru, kisha hulipa. Wachache huitunza bili hiyo baada ya kulipa, na wachache zaidi huilinganisha na ile ya mwezi uliotangulia. Matokeo yake ni kwamba mteja anapofika kwenye dirisha la mamlaka ya maji na kusema kuwa bili yake imepanda mno, hukwama katika swali la kwanza analoulizwa: imepanda kutoka wapi?

Katika somo hili tunaeleza namna ya kutunza usomaji wa mita katika lahajedwali na kuitungia kanuni chache ili seli zenyewe zibadilike rangi panapokuwa na jambo la kuangaliwa. Kazi hii huitwa uumbizaji wenye masharti. Maana yake ni nyepesi: tunaiambia programu kwamba sharti fulani likitimia, seli ipakwe rangi fulani, lisipotimia, ibaki ilivyo. Programu ya Excel ilipata uwezo huo katika toleo la mwaka 1997, wakati huo kwa masharti matatu tu kwa kila seli; kikomo hicho kiliondolewa katika toleo la mwaka 2007. Leo Majedwali ya Google na LibreOffice Calc, ambazo hazilipiwi, hufanya kazi ileile. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua chochote ili kulifuata somo hili.

Tunapenda ieleweke mapema kwamba rangi haihukumu. Seli yenye rangi haisemi kwamba mamlaka imekosea, wala haisemi kwamba bomba limepasuka. Inauliza swali, na kulijibu ni kazi ya mwenye daftari. Jambo linalosahaulika zaidi ni upande wa pili: seli isiyo na rangi nayo haijathibitisha lolote. Tutalirudia jambo hili kwa mifano, kwa sababu hasara nyingi zinazotokana na rangi hizi huingia kupitia seli zilizobaki nyeupe.

Daftari lenyewe

Tuchukue nyumba ya mfano yenye familia tatu zinazotumia mita moja. Katika safumlalo ya 5 tuandike vichwa vya safuwima kama ifuatavyo. Safuwima A ni tarehe tuliyosoma mita. B ni namba iliyoonekana kwenye mita. C ni idadi ya siku tangu usomaji uliopita. D ni uniti zilizotumika. E ni uniti kwa siku. F ni uniti zilizoandikwa kwenye bili. G ni tarehe ya mwisho ya kulipa. H ni tarehe tuliyolipa. Safuwima I tuiache kwa neno la tahadhari, na J kwa maelezo. Uniti moja ni mita ya ujazo moja, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kipimo cha ndoo kikumbukwe vizuri, kwani hakuna mwanakaya asiyeijua ndoo.

Usomaji wa kwanza kabisa, ambao hauna wa kuulinganisha nao, tuuweke katika safumlalo ya 6. Tuseme ni tarehe 2 Januari 2025 na mita ilisoma 1204. Miezi iliyofuata iwe hivi: tarehe 1 Februari, 1222; tarehe 3 Machi, 1239; tarehe 2 Aprili, 1258; tarehe 7 Mei, 1279; tarehe 5 Juni, 1308. Katika C7 tuandike =A7-A6, katika D7 tuandike =B7-B6, na katika E7 tuandike =D7/C7. Kisha fomula hizo tatu tuziburute kushuka, kila mwezi safumlalo moja tu, usomaji mpya unapoingizwa. Iwapo safuwima C itaonyesha tarehe ya mwaka 1900 badala ya idadi ya siku, hakuna kilichoharibika; seli imevaa umbo la tarehe, nasi tuibadilishe iwe namba ya kawaida.

Kwa nini tusiridhike na uniti za mwezi? Tazama mwezi wa Mei katika mfano wetu. Uniti zilizotumika ni 21, nyingi kuliko 18, 17 na 19 za miezi iliyotangulia, na mtu angeweza kushtuka. Lakini msomaji mita alichelewa: baina ya tarehe 2 Aprili na tarehe 7 Mei zimepita siku 35. Kwa siku, nyumba ilitumia uniti 0.60, kiasi kilekile cha mwanzo wa mwaka. Juni ndio mwezi wa kutiliwa shaka. Uniti 29 zimetumika kwa siku 29, yaani uniti moja kamili kwa siku: ndoo 50 pale zilipokuwa zikitumika ndoo 30. Bili isiyotaja siku huwashtua watu pasipo sababu mwezi mmoja na kuwatuliza pasipo sababu mwezi mwingine.

Kanuni ya kwanza: matumizi yaliyopanda

Juu ya jedwali, katika seli B2, tuandike 1.5. Hicho ndicho kizidishi chetu: matumizi yakizidi mara moja na nusu ya kawaida, tunataka kujulishwa. Tunakiweka kwenye seli badala ya kukificha ndani ya fomula ili kiweze kubadilishwa bila kuigusa kanuni. Nyumba yenye bustani inaweza kuhitaji 2. Mtu anayeishi peke yake na kutoka asubuhi kurudi jioni anaweza kuridhika na 1.3.

Sasa swali la kawaida ni ipi. Jibu linalomjia mtu haraka ni kulinganisha kila mwezi na wastani wa miezi mitatu iliyotangulia. Kwa mwezi wa Juni, ulio katika safumlalo ya 11, wastani wa miezi mitatu iliyopita ni 0.60, mara 1.5 ni 0.90, matumizi ni 1.00, seli inapakwa rangi. Inaonekana imefaulu.

Lakini tuendelee na mwezi wa Julai, tukichukulia kwamba kilichosababisha ongezeko hakijashughulikiwa na nyumba imetumia tena uniti 1.00 kwa siku. Miezi mitatu iliyotangulia sasa ni Aprili, Mei na Juni. Wastani wake umevutwa juu na Juni na kufika takribani 0.74, mara 1.5 ni 1.12 hivi. Matumizi ya 1.00 hayafikii hapo, na seli inabaki nyeupe. Maji yanaendelea kupotea ndoo 20 kila siku, lakini rangi imekwisha kuyazoea. Mwenye nyumba akifungua daftari ataona tatizo la Juni limepita, na ataendelea kulilipia.

Kwa hiyo tunashauri kawaida iwekwe kwa mkono, isikokotolewe na miezi inayosogea. Katika seli D2 tuandike 0.60, ambayo ni wastani wa miezi minne ya kwanza, miezi ambayo tulikuwa na hakika kwamba bomba ni zima na wakaaji ni walewale. Namba hii ibadilishwe pale tu maisha ya nyumba yanapobadilika kweli: mpangaji amehama, mtoto amezaliwa, shughuli ya mama lishe imeanzishwa uani. Kuibadilisha ni uamuzi wa mtu, na tarehe ya uamuzi huo iandikwe kwenye maelezo.

Kanuni yenyewe hutungwa hivi. Chagua seli kuanzia D7 hadi E60, ukianzia juu. Katika Excel yenye menyu za Kiingereza, bonyeza Home, kisha Conditional Formatting, kisha New Rule, na uchague aina ya mwisho, ile inayotumia fomula. Katika Majedwali ya Google yenye menyu za Kiingereza, njia ni Format, kisha Conditional formatting, na katika orodha ya masharti uchague Custom formula is. Kwenye kisanduku andika:

=$E7>$B$2*$D$2

Kisha chagua rangi ya chungwa iliyopauka. Fomula imeandikwa kana kwamba tunaizungumzia safumlalo ya kwanza tu ya eneo tulilochagua. Programu yenyewe huisogeza kwa safumlalo zinazofuata. Hapa ndipo alama ya dola inapofanya kazi yake. Dola iliyo mbele ya herufi huifunga safuwima, na dola iliyo mbele ya namba huifunga safumlalo. $E7 maana yake ni kwamba hata programu inapokagua seli iliyo katika safuwima D, itazame E, lakini ishuke pamoja na safumlalo. $B$2 maana yake ni kwamba popote ilipo, iitazame seli ileile moja ya kizidishi.

Kosa linalotokea sana katika Excel ni kuandika $E$7. Mara nyingi mtumiaji hata halitendi mwenyewe: akiibofya seli kwa kipanya wakati kisanduku cha fomula kipo wazi, programu humwekea dola zote mbili. Matokeo yake ni kwamba safumlalo zote zinatazama mwezi mmoja tu wa Februari. Februari ukiwa mzuri, jedwali zima litakuwa jeupe milele. Kosa la kinyume, kuandika E7 bila dola yoyote, huifanya safuwima D ikague E, na safuwima E ikague F, ambayo ni ya bili. Rangi zitatokea hapa na pale bila mpango, na hilo walau humfanya mtu aulize. Kati ya makosa hayo mawili, la kwanza ni baya zaidi kwa sababu liko kimya.

Kanuni ikishatungwa, ijaribiwe. Andika 5000 katika usomaji wa mwezi wowote na utazame kama rangi inajitokeza mahali panapostahili, kisha rudisha namba ya kweli. Kanuni ambayo haijawahi kuonekana ikifanya kazi isitegemewe.

Kanuni ya pili: bili isiyolingana na mita

Kanuni hii ndiyo inayomlinda mteja kwa ukaribu zaidi. Chagua F7 hadi F60, tunga kanuni mpya, chagua rangi ya buluu iliyopauka, na andika:

=AND($F7<>"",ABS($F7-$D7)>2)

Kwa maneno ya kawaida: kama bili imekwisha kuingizwa, na tofauti kati ya uniti za bili na uniti tulizozisoma ni zaidi ya mbili kwa upande wowote, paka rangi. Tumeruhusu uniti mbili kwa sababu siku tuliyosoma sisi na siku aliyosoma msomaji mita huenda zisiwe moja. Kwenye kompyuta ambayo mipangilio yake ya nchi hutumia mkato kama alama ya desimali, mkato ulio ndani ya fomula hubadilishwa kuwa nuktamkato. Programu ikiikataa fomula hii, hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia.

Tazama sasa kilichotokea katika nyumba yetu ya mfano. Bili ya Mei ilikuwa ya uniti 12, na bili ya Juni ilikuwa ya uniti 38. Mita ilionyesha 21 na 29. Seli zote mbili zinageuka buluu. Mtu aliyeona bili ya Juni peke yake angekwenda kulalamika kwamba ametozwa uniti 9 zaidi, na angekuwa na haki ya kulalamika kwa kadiri ya alichokiona. Lakini jumlisha: 12 na 38 ni 50, 21 na 29 ni 50 vilevile. Hapa hakuna uniti iliyozidi. Yaelekea Mei mita haikusomwa, bili ikatolewa kwa makadirio yaliyo chini ya matumizi, na Juni usomaji halisi ulipofika, zilizobaki zikaongezwa kwa mkupuo.

Je, basi mteja hana la kudai? Inategemea bei. Penye bei moja kwa kila uniti, hajapoteza kitu. Penye bei za ngazi, ambako uniti za mwanzo hutozwa bei ndogo na zinazozidi kiwango fulani hutozwa bei kubwa, mkupuo wa Juni unaweza kuwa umesukuma sehemu ya uniti za Mei katika ngazi ya juu. Hapo mteja ana hoja nzuri: aombe uniti zigawanywe kwa miezi yake halisi na bili ikokotolewe upya. Hoja hiyo haiwezi kujengwa bila usomaji wa tarehe 7 Mei, na usomaji huo hauwezi kupatikana Juni. Ama uliandikwa siku ile, ama haupo.

Tunashauri pia kwamba usomaji upigwe picha kwa simu, namba ya mita ionekane pamoja na tarakimu zake. Jedwali ni maandishi ya mteja mwenyewe, na afisa anaweza kulitilia shaka. Picha ina uzito zaidi.

Kanuni ya tatu: tarehe ya kulipa

Hii tutaipitia kwa haraka. Chagua G7 hadi H60 na utunge kanuni mbili. Ya kwanza ni ya muda uliopita, kwa rangi nyekundu iliyopauka:

=AND($G7<>"",$H7="",$G7<TODAY())

Ya pili ni ya siku tano za mwisho, kwa rangi ya njano:

=AND($G7<>"",$H7="",$G7-TODAY()<=5)

Kipande cha $G7<>"" kisiachwe. Bila hicho, seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni tarehe ya zamani kuliko leo; jedwali lote la miezi ijayo litageuka jekundu. Aidha, deni lililopita muda linatimiza masharti ya kanuni zote mbili, kwa hiyo nyekundu lazima iwe juu ya njano katika orodha ya kanuni. Programu huanza na iliyo juu. Zikipinduliwa, deni la wiki tatu litaonekana kama lina siku tano mbele yake, na mtu anaweza kukatiwa maji akiwa anatazama njano.

Kanuni ya mlinzi

Sasa turudi kwenye seli nyeupe. Tuseme anayeingiza bili ameandika 38 uniti badala ya 38. Kwa jicho la binadamu ni kitu kimoja. Kwa programu, hayo ni maneno wala si namba. Haiwezi kuyatoa, fomula inashindwa, na kanuni iliyoshindwa haipaki rangi. Seli inabaki nyeupe, sawasawa na seli ya bili iliyo sahihi kabisa. Vivyo hivyo kwa herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri.

Tarehe nazo zina hila yake. Kompyuta nyingi huja na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ukiandika 15/03/2025, kompyuta ya namna hiyo haiujui mwezi wa 15, basi huyaacha kama maneno. Ukiandika 03/04/2025 ukiwa na maana ya tarehe 3 Aprili, itaielewa kuwa tarehe 4 Machi, bila kulalamika. Dawa yake ni kuandika mwaka kwanza: 2025-04-03. Umbo hilo halina utata.

Ili kunasa maneno yaliyojificha mahali pa namba, chagua A6 hadi H60, tunga kanuni ya rangi ya kijivu, iweke juu ya zote, na uandike:

=ISTEXT(A6)

Hapa hatuweki dola hata moja, kwa kuwa kila seli inajiuliza yenyewe: je, mimi ni maneno? Kijivu kikitokea mahali popote, kwanza rekebisha hapo, ndipo uamini rangi nyingine. Kanuni hii haiwezi kunasa tarehe iliyopinduliwa ikabaki kuwa tarehe halali. Kwa hiyo safuwima C itazamwe kwa macho kila mwezi: siku zikiwa chache mno, nyingi mno, au zikiwa na alama ya kutoa mbele, tarehe moja imepinduka.

Tahadhari nyingine ni ya kunakili na kubandika. Anayebandika seli kutoka faili jingine huleta kanuni za huko pamoja na namba, na anayesogeza safumlalo mara kwa mara katika Excel hukuta kanuni moja imekatwakatwa kuwa vipande kumi vyenye maeneo tofauti, vingine vikiwa na mapengo. Bandika thamani peke yake. Mara moja kwa miezi michache, fungua orodha ya kanuni, ambayo katika Excel iko chini ya Manage Rules, uhakikishe kwamba zimebaki tano na kwamba kila moja bado inafika safumlalo ya 60.

Rangi na wasomaji wake

Rangi tulizopendekeza zimepauka kwa makusudi, ili namba isomeke juu yake. Tumeepuka kuweka nyekundu na kijani pamoja kama alama za ubaya na wema, kwa kuwa wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, wasioweza kuzitofautisha rangi hizo. Zaidi ya hapo, jedwali litakapopelekwa ofisini huenda likatolewa kivuli kwenye mashine ya rangi nyeusi na nyeupe, na hapo chungwa, buluu na njano zote hugeuka kijivu kimoja. Kwa ajili hiyo safuwima I ibebe neno. Katika I7 andika fomula hii na kuiburuta kushuka:

=IF($E7>$B$2*$D$2,"KAGUA","")

Nyumba za wapangaji wengi zina kishawishi kimoja ambacho tungependa kukitaja. Mwenye jukumu la kukusanya fedha hutengeneza orodha ya majina, humpaka nyekundu asiyelipa, kisha huituma kwenye kundi la WhatsApp la nyumba nzima. Hatuoni kwamba jambo hilo ni la busara. Deni la jirani limhusu jirani na mkusanyaji, na mara nyingi aliyepakwa nyekundu alilipa jana kwa simu na ujumbe haujaandikwa daftarini. Katika kundi litumwe jedwali la mita na bili, ambalo ni la wote. La majina libaki kwa anayelitunza.

Rangi ikishatokea

Seli ya chungwa ikijitokeza, anza na safuwima J. Wageni wa msiba siku sita, ujenzi wa ukuta, au kiangazi kilichokausha kisima mlichokuwa mkitegemea kwa kufulia: sababu kama hizi hueleza ongezeko, na zikiandikwa hapo hapo hazitasahaulika baadaye.

Pasipo sababu, tafuta uvujaji. Usiku, wakati ambao hakuna atakayetumia maji, funga mabomba yote pamoja na koki inayopeleka maji kwenye tangi la akiba, kwani tangi lenye boya hujaza lenyewe. Andika tarakimu zote za mita, zikiwemo zile ndogo zinazoonyesha sehemu za uniti. Asubuhi, kabla ya mtu kufungua bomba, soma tena. Mita ikiwa imesogea, maji yanapotea baada ya mita, na upande huo kwa kawaida ni jukumu la mteja. Anza na tangi la choo: tone la wino wa chakula au juisi yenye rangi likitiwa ndani ya tangi na kuonekana kwenye bakuli bila kuvuta maji, mpira wa ndani umechakaa. Mita isiposogea usiku kucha na bado matumizi yameongezeka, kosa linaweza kuwa katika kusoma, katika mita yenyewe, au katika bomba ambalo mtu mwingine ameliunganisha na kulitumia mchana.

Seli ya buluu ikijitokeza, linganisha kwanza usomaji wa awali na wa sasa ulioandikwa kwenye bili na ule wa safuwima B. Usomaji wa bili ukiwa mkubwa kuliko namba inayoonekana kwenye mita leo hii, hakuna haja ya hesabu nyingine: mita hairudi nyuma. Kama sivyo, jumlisha miezi miwili au mitatu kama tulivyofanya kwa Mei na Juni kabla ya kuandika malalamiko.

Malalamiko yaanzie kwa mamlaka ya maji iliyotoa bili, kwa maandishi, na mteja aondoke na namba ya kumbukumbu au nakala iliyogongwa muhuri. Kwa Tanzania Bara, asiporidhika na jibu au asipojibiwa, anaweza kulifikisha lalamiko lake EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, akiambatanisha barua ya kwanza. Akaombe pia, kwa maandishi, kwamba huduma isikatwe wakati bili inabishaniwa, na aeleze yuko tayari kulipa kiasi gani kisichobishaniwa. Katika mfano wetu, kiasi hicho ni thamani ya uniti zilizoonekana kwenye mita. Pamoja na barua apeleke chapa ya jedwali lenye miezi isiyopungua sita, picha za mita za miezi inayohusika, na bili zenyewe. Kizidishi cha B2 na kawaida ya D2 vionekane kwenye chapa hiyo, ili afisa aweze kuirudia hesabu mwenyewe kwa kikokotoo chake.